Minana wa Saluni ya Mama Gaël

Mama Gaël hakuwa mtu wa ndege. Alikuwa mtu wa nywele, na kwa miaka yote aliyokaa Durban hakuona sababu ya mambo hayo mawili kukutana.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Marie-Jeanne, ila tangu alipojifungua mtoto wa kwanza kule Uvira hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa maofisa, na mumewe Salvator siku akiwa na hasira. Gaël mwenyewe alishakua, akaoa, akahamia Gqeberha. Mama yake alibaki na jina.

Saluni yake ilikuwa ndani ya gereji huko Chatsworth, nyuma ya nyumba ya mzee Perumal, dereva wa basi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Anko. Gari la Anko lilikuwa limeuzwa macho yake yalipoanza kumsaliti barabarani. Mahali pake palikaa viti vitatu, kioo kirefu, birika la kuchemshia maji ya kuchovyea ncha za misuko, na ukuta mzima wa pakiti za rasta za kusukia zilizopangwa kwa namba za rangi. Mama Gaël na Salvator waliishi chumba kilichoshikana na gereji hiyo. Salvator alifanya kazi Pinetown, kwenye kiwanda cha magodoro, na aliporudi nyumbani hakutaka kulala juu ya godoro zuri. Alisema linamkumbusha kazi.

Wateja walitoka mpaka Isipingo kumfuata Mama Gaël kwa sababu ya mkono wake. Ulikuwa mwepesi. Mtu aliweza kusukwa misuko midogo kuanzia asubuhi mpaka jioni na usiku ule ule akalala kwa ubavu. Kucheka hawakumtarajia acheke. Hakuwa na kinyongo na mtu; uso wake tu haukuwa na mazoea hayo.

Kati ya gereji na nyumba kulikuwa na meza ya ndege. Anko aliiunda mwenyewe: bomba la chuma limesimikwa ardhini, ubao juu yake, ukingo pembeni ili mtama usimwagike, na shingoni mwa bomba bati lililokunjwa kama faneli kuwazuia tumbili wasipande. Tumbili hawakuwahi kupanda. Walirukia kutoka ukutani. Anko alijua hivyo tangu mwanzo, lakini bati hakuliondoa.

"Nataka wajue msimamo wangu," alisema.

Kila asubuhi aliweka mtama na nusu ya papai, akakaa kwenye kiti cha plastiki na darubini shingoni. Darubini ilikuwa ya marehemu mkewe. Mkewe ndiye aliyewapenda ndege. Anko alikuwa akiwavumilia. Mama huyo alipofariki, ndege waliendelea kuja kula, na Anko hakuona namna ya kuwaeleza. Akaendelea kununua mtama. Baadaye akafungua vitabu vya mkewe, ili angalau ajue anamlisha nani.

Mwishoni mwa Agosti, upepo ulipokuwa unapeperusha mchanga na mifuko mtaa mzima, minana walianza kugeuka rangi. Majira ya baridi wote walikuwa na rangi ya vumbi, dume kwa jike. Sasa madume yalivaa manjano, usoni yakapaka weusi, yakahamia kwenye mtende uliokuwa umeinamia paa la gereji. Yalichana majani ya mtende huo huo ukanda kwa ukanda, yakaanza kusuka viota, huku yanapiga kelele zinazofanana na redio isiyoshika stesheni.

Mama Gaël hakuinua macho. Kwake kelele ni kelele.

Wa kwanza kuona alikuwa Scola, mwanafunzi kutoka Moshi, mteja wake wa miaka miwili. Siku hiyo alikuwa amekaa uani juani, anafumuliwa misuko ya zamani.

"Mama Gaël," alisema, "kile kiota kina rasta."

"Kiota gani?"

"Kile pale, karibu na ukuta. Ni 350 kabisa, ile ya shaba. Ni yangu ile, jamani!"

Mama Gaël aliacha kichwa cha Scola, akakinga macho kwa kitana. Kweli, mnana dume alikuwa ananing'inia kichwa chini, anazungusha uzi wa rangi ya shaba kwenye mlango wa kiota chake. Aliuingiza, akauvuta, akauchungulia, akaupitisha tena. Mama Gaël alimtazama muda mrefu kuliko Scola alivyotegemea.

"Ameanza vibaya," alisema mwishowe. "Iko anaacha fundo inje."

Akarudi kwenye kichwa.

Ikatokea kwamba majike hayakuona kosa hilo. Jike la kwanza lilipokuja, liliingia katika kiota kimoja cha majani matupu, likatoka, likaondoka. Likaingia cha pili, likatoka. Likafika kwenye kile cha mlango wa shaba, likakaa. Madume mengine yalikuwa yanatazama. Kabla juma halijaisha, kila mnana katika ule mtende alikuwa anatafuta rasta. Walifika mpaka kwenye kizingiti cha saluni, wakaokota zilizofagiliwa, wakaondoka nazo zinaning'inia nyuma yao kama mikia. Mteja mmoja alilalamika kwamba amevutwa nywele akiwa bado amezivaa.

Anko alifurahi sana mwanzoni. Aliwaita majirani waje kuona. Alimwambia Mama Gaël kwamba hata vitabuni hakuna jambo kama hilo. Walizungumza kile Kiingereza cha Durban ambacho kila mmoja wao alikiongea kwa namna yake, na walielewana kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka.

Halafu asubuhi moja alisimama mlangoni pa saluni ameshika gazeti lililokunjwa. Kitini palikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Mama," alisema Anko, "huyu ni wako."

"Mimi siuzi kuku, Anko."

Alifunua gazeti. Mnana dume alikuwa amelala ubavu, amekauka. Uzi wa rasta ulikuwa umemzunguka mguu mara nyingi mpaka ukaingia kwenye ngozi. Alikuwa amekwama kiotani akabaki ananing'inia, na inaelekea alipigania uhai wake kwa muda.

"Shame," alisema mteja, kwa kumhurumia ndege.

"Sitaki ugomvi," alisema Anko. "Lakini nywele zisivuke mlango huu. Zikivuka, itabidi tuzungumze habari ya gereji."

Alikunja gazeti, akaondoka nalo. Mama Gaël alimaliza kichwa kilichobaki bila kusema neno, jambo ambalo mteja hakuligundua kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Jioni alimweleza Salvator.

"Ndege moja," alisema Salvator.

"Alifungwa na mkono yangu."

"Mkono yako iko hapa."

"Ile nywele mimi njo niliikata, mimi njo niliitupa." Alisogeza sahani ya majani ya muhogo. "Na hii sombe haina chumvi."

Salvator alionja. Chumvi ilikuwepo. Akanyamaza, maana alikuwa amemuoa siku nyingi.

Kuanzia kesho yake saluni iliendeshwa kwa sheria mpya. Pipa lilipata mfuniko, na mfuniko ukapata tofali. Sakafu ilifagiliwa kila baada ya kichwa, kisha ikapanguswa kwa kitambaa chenye maji. Mteja akimaliza, alisimamishwa juu ya shuka, akakung'utwa mabega, akaambiwa atikise sketi, akatoa viatu vikakaguliwa nyayo.

"Mama Gaël, hata uwanja wa ndege hawanikagui hivi," alisema Scola, ameinua mguu mmoja.

"Uwanja ya ndege njo hapa," alisema Mama Gaël. "Mguu ingine."

Rasta mpya hazikutoka tena. Tatizo lilikuwa zile za zamani, ambazo zilishasukwa juu huko na ncha zake zinapepea. Adhuhuri moja Anko alipiga ukelele kutoka kwenye kiti chake. Mama Gaël alitoka na kitana mkononi. Juu ya paa la gereji mnana mwingine alikuwa ananing'inia kwa mguu mmoja, anapiga mabawa, anapumzika, anapiga tena.

Anko alileta ngazi. Kuleta aliweza, kupanda nyonga yake haikumruhusu. Alisimama ameishika, anaangalia juu, kisha anamwangalia Mama Gaël, kisha juu.

Mama Gaël hakuwahi kupanda ngazi maishani. Kwao Uvira nyumba yao ilikuwa fupi. Alitia mkasi mdogo katika mfuko wa aproni, akashika kitana cha mkia kwa meno, akapanda. Katikati ya ngazi alisimama, akasema sala fupi kwa Kifaransa bila kuachia kitana, akaendelea.

Ndege alimdonoa papo hapo. Mama Gaël alimshika ngumini, kichwa kimetokeza kati ya vidole viwili, vile anavyoshika kichwa cha mtoto asiyetaka kusukwa. Shauri la kwanza lilikuwa kukata. Lakini aliona kwamba akikata tu, ndege ataondoka na kifundo mguuni, na kifundo kitaendelea kukaza. Kwa hiyo alitafuta mwanzo wa uzi kwa ncha ya kitana, akaupata, akaanza kuufumua, mzunguko mmoja, mwingine, huku yule ndege analia na kumdonoa kidole kile kile.

"Nyamaza," alimwambia kwa Kiswahili. "Ni karibu kuisha."

Hilo aliwaambia watoto wote, na halikuwahi kuwa kweli. Safari hii pia halikuwa kweli.

"Amekufa?" aliuliza Anko kutoka chini.

Uzi ulitoka. Mama Gaël alifungua ngumi. Mnana alikaa kiganjani kidogo kana kwamba anasubiri kioo, kisha akaruka moja kwa moja hadi kiotani kwake na kuanza kuvuta uzi mwingine.

"Amerudi kazini," alisema Mama Gaël.

Kwa kuwa alikwishafika juu, hakushuka. Alihama kiota kwa kiota, anakata kila ncha iliyokuwa inapepea, na minana wanampigia kelele masikioni. Zilizosukwa ndani aliziacha. Aliposhuka alikuwa amejaa manyoya na majani, na kidole kinavuja damu.

"Nimewapunguza ncha," alimwambia Anko. "Wakikuza tena, uniite."

Anko alimletea plasta na chai ya maziwa yenye iliki. Habari ya gereji haikutajwa tena.

Tangu siku hiyo kikawekwa kiti cha pili cha plastiki uani. Mama Gaël alikikalia asubuhi kabla wateja hawajaja, kwa madai kwamba anakagua ncha. Anko alimpa darubini kwa zamu na kumwonyesha. Mwewe mwenye mdomo wa manjano, anayezunguka juu ya mtaa, alikuwa amerudi tangu Agosti. Mbayuwayu wawili wenye michirizi kifuani walikuwa wamefika kwenye baraza ya Anko na kuanza kubeba matope.

"Hawa baridi ikija huku wanapanda juu," alisema Anko. "Wanakwenda kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Congo."

"Congo ni kubwa, Anko."

"Hawa hawachagui."

Mvua za kwanza za majira ya kuchipua zilipopita, akafika mwingine. Mama Gaël alimsikia kabla hajamwona, analia wimbo mmoja ule ule, mkali, unaopanda na kuteremka, kutoka juu ya waya wa umeme. Alikuwa wa kijani kinachong'aa kama shaba iliyosuguliwa, kifua cheupe, jicho jekundu. Kwa sura ndiye aliyekuwa mzuri kupita wote, na Mama Gaël alisema hivyo.

Anko alikaza uso. "Kekeo. Huyo na mkewe hawajengi. Jike linangoja mnana atoke, linaingia kiotani mwake, linataga yai, linaondoka. Mnana anarudi analea mtoto wa watu."

"Na huyu anatoka wapi?"

Anko alisita. "Kule kule juu."

Mama Gaël alirudisha darubini.

"Huyu sisi hatukumtuma," alisema, akaenda kufungua saluni.

Habari ya maandamano ilianza kwenye simu. Video zilizunguka, kila mtu akazituma kwa kila mtu: watu wataandamana Alhamisi, wageni warudi kwao, maduka yao yafungwe. Wengine walisema yatakuwa mjini tu. Wengine wakasema hapana, kundi moja litapita hata Chatsworth. Salvator alikwenda kazini Alhamisi alfajiri kwa sababu msimamizi wake hakuwa mtu wa kuelezwa mambo, na saa nne alipiga simu kutoka Pinetown.

"Taxi hakuna. Nitabaki huku. Funga mlango, usifungulie mtu."

"Scola iko hapa. Nimemfikisha nusu."

"Basi jifungie naye."

Wakateremsha mlango wa gereji. Taa wakazima, mwanga usionekane chini ya mlango. Ndani mkawa giza, na joto, na harufu ya mafuta ya nywele. Scola alikaa kitini upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama wima.

"Tufanyeje?" alinong'ona.

"Tunamaliza," alisema Mama Gaël, akaanza kusuka kwa kupapasa.

Waliwasikia kutoka mbali. Kwanza filimbi, kisha nyimbo, kisha miguu mingi barabarani. Anko alikuwa amebeba kiti chake mpaka getini. Mama Gaël alikuwa amemwona akikibeba kabla ya kuteremsha mlango, na alidhani amekwenda kufunga geti. Hakulifunga. Alikaa hapo.

Sehemu kubwa ya watu ilipita. Wachache wakasimama. Kati ya gereji na geti hapakuwa mbali, na kila neno lilisikika.

"Mkhulu," ilisema sauti ya mwanamume, kwa heshima kabisa, kama anayemwita babu yake, "humu kuna wageni?"

Anko hakujibu upesi. Hakuwahi kujibu jambo lolote upesi.

"Wapo," alisema.

Mkono wa Mama Gaël ulisimama kwenye kichwa cha Scola. Scola aliushika, naye Mama Gaël akaubana wa Scola.

"Wako wapi?"

"Wengine wamefika juma lililopita. Wengine tangu Agosti. Mwaka huu wamechelewa kidogo, nadhani ni upepo."

"Wako wapi, mkhulu?"

"Juu. Pale kwenye waya. Huyo anatoka mbali, Congo huko, au hata kupita Congo. Ni mbaya sana. Anaingia nyumba za watu anataga humo."

"Anataga?"

"Yai moja moja. Ngoja nikupe darubini. Usilazimishe hilo gurudumu, ni la mke wangu."

Mtu mmoja alicheka. Mwingine akasema waachane na mzee, wenzao wanawaacha. Lakini inaonekana yule wa kwanza alipokea darubini, kwa sababu baada ya muda alisikika akiuliza:

"Huyu wa manjano?"

"Hapana, huyo ni mwenyeji. Peleka kulia. Kulia. Hapo ni kushoto."

"Eish. Ana jicho jekundu."

"Hilo ni dume. Jike lake halina. Sasa, chini ya baraza yangu kuna mbayuwayu, hao ukitaka ingia uwaone..."

"Hapana, mkhulu, tunachelewa. Sharp."

Miguu ikaondoka. Filimbi zikaenda zikififia kuelekea madukani. Mama Gaël alisubiri mpaka Scola alipoanza kulalamika kwamba mkono wake umekufa ganzi, ndipo alipouachia, akasuka misuko iliyobaki, akachovya ncha katika maji ya moto kwa kukisia, akapandisha mlango.

Anko alikuwa bado getini, anatazama waya.

"Anko," alisema Mama Gaël. "Ulielewa wale watu walikuwa wanauliza nini?"

"Waliuliza wageni."

"Wageni gani?"

Anko aligeuza gurudumu la darubini, taratibu, kwanza huku, kisha huku.

"Sogea kidogo, Mama," alisema. "Umenizibia."

Akasogea. Hilo ndilo jibu alilopata, na hata leo hana jingine. Salvator anaamini mzee alijua alichokuwa anafanya. Scola anaamini mzee haambiliki akianza habari za ndege, hata nyumba ikiwaka moto. Mama Gaël alipika sombe sufuria kubwa, akampelekea bakuli lililojaa. Anko alikula yote, baada ya kuongeza achari ya embe mpaka sombe ikageuka rangi.

Kichwa cha Scola, kilipoonekana kwenye mwanga, kilikuwa na mistari iliyonyooka upande mmoja, na upande wa pili mistari iliyotembea ilivyotaka. Mama Gaël alitaka kufumua aanze upya. Scola alikataa. Alikaa na kichwa hicho mwezi mzima, akaenda nacho mpaka kwenye mtihani.

Jumamosi saluni ilifunguliwa kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa Ntombizethu, anayeishi mtaa wa chini, ambaye Mama Gaël alikuwa amemsuka kwa harusi yake na kwa misiba miwili. Aliingia anachechemea, akavua viatu kabla ya kuambiwa.

"Miguu, dada," alisema. "Tulitembea sana Alhamisi."

"Najua."

Ntombizethu alijitazama kwenye kioo, kisha akautazama uso wa Mama Gaël kwenye kioo hicho hicho. Haukuwa na kitu kipya.

"Hatukuwa tunawasema ninyi," alisema.

"Mlikuwa mnamsema nani?"

"Wale wengine."

Mama Gaël aliinamisha kichwa cha mteja mbele, akachora mstari wa kwanza kwa kitana.

"Wale wengine mimi siwajui," alisema. "Unataka za mgongoni au za bega?"

"Za bega."

Akasuka. Baadaye watu walisema kwamba siku hiyo alimkaza Ntombizethu mpaka nyusi zikapanda, lakini huo ni uongo. Alitaka kumkaza, Salvator alilisikia hilo kutoka mdomoni mwa Mama Gaël mwenyewe. Vidole ndivyo vilivyokataa. Vilijua mwendo mmoja tu.

Katikati ya Oktoba Anko alimwomba apande ngazi tena. Alikuwa amemwona kekeo jike akitoka katika kiota cha mlango wa shaba, kile kilichochaguliwa kwanza, na hakuwa na shaka yoyote juu ya alichofuata humo.

"Litoe yai lake," alisema. "La kekeo peke yake. Mengine yaache."

Mama Gaël alipanda. Safari hii hakusali. Alipachika tochi ya simu mlangoni pa kiota, akachungulia, akakaa amechungulia hivyo muda mrefu sana hata Anko akaanza kubadili mguu wa kuegemea. Kisha akashuka mikono mitupu.

"Yote ni ya bluu," alisema. "Yanafanana."

"Yote?"

"Yote."

Anko alikunja ngazi.

Siku kadhaa baadaye Mama Gaël alikuta maganda ya mayai ya bluu juu ya paa la gereji, na mengine yamedondoka mbele ya kizingiti. Kitoto cha kekeo, kipofu, uchi, kilikuwa kimezaliwa kwanza na kuyasukuma nje mayai mengine yote. Alifagia maganda yale kwa ufagio wa saluni, akayatia kwenye pipa, akarudisha tofali juu ya mfuniko. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha pili.

"Anko. Moja lilikuwa kubwa kidogo."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Ulikaa sana juu."

Kwarara watatu walipita juu ya nyumba wanapiga yowe lao la kila asubuhi, na wote wawili wakangoja wamalize.

"Wiki zile sikuwa na moyo wa kumtoa mtu," alisema Mama Gaël.

"Ni ndege, Mama."

"Ndiyo hivyo. Ni ndege." Aliangalia mlango wa kiota. "Na wale wengine pia walikuwa ndege. Nimewafagia sasa hivi."

Anko alimpa darubini, ingawa haikuwa zamu yake.

Mtoto yule alikua kwa kasi iliyomtia Mama Gaël aibu, kana kwamba ni mpwa wake aliyekuja kukaa kwa watu. Alijaza kiota, kisha akakipita. Mama mnana, ambaye sasa alikuwa mdogo kuliko mtoto, alikwenda na kurudi kutwa nzima na wadudu mdomoni, na mtoto alipiga kelele hata akiwa anameza. Wateja waliuliza ni nini kinalia hivyo. Wakaambiwa ni mtu ana njaa. Mama Gaël alianza kuacha makombo ya mkate karibu na mtende, ingawa Anko alimweleza kwamba mnana huyo hatayagusa kwa ajili ya mtoto, anataka viwavi. Alisema anaelewa. Makombo aliendelea kuyaacha.

Asubuhi moja ya Novemba kiota kilikuwa kimya, mtoto ameruka. Mama mnana alikuwa amekaa mlangoni, anarekebisha majani ambayo hayakuwa na tatizo. Mama Gaël alimtazama dakika chache, kisha akapanda ngazi, akamkatia uzi mmoja uliokuwa umelegea.

Desemba haikumwachia nafasi. Kila mwanamke wa Chatsworth alitaka kichwa kipya kabla ya Krismasi, na foleni ilikaa uani kwenye viti vyote viwili vya plastiki. Anko alikwenda Isipingo kwa dada yake kwa siku kadhaa, akaacha mfuko wa mtama, mapapai manne, na darubini. Mtama na mapapai alieleza matumizi yake. Darubini aliiweka tu mezani pa saluni, karibu na vibanio.

Jioni alipiga simu.

"Nani wamekuja leo?"

"Tetere wawili," alisema Mama Gaël, simu imebanwa begani, mikono iko kichwani kwa mtu. "Shore, wale wale. Mbayuwayu wana watoto, wametoa vichwa. Na mmoja mimi simjui."

"Yukoje?"

"Mdogo. Kahawia."

"Kahawia ya namna gani?"

Mama Gaël aligeuka akatazama ukuta wake wa pakiti, kuanzia juu mpaka chini.

"Mgongoni namba nne," alisema. "Kifuani namba ishirini na saba, lakini imechanganywa na thelathini."

Upande wa pili wa simu Anko akasikika anaomba kalamu kwa dada yake, na akamwomba Mama Gaël arudie namba hizo, polepole.